Kabla ya kutatua, tujue kilichotata



Ndugu msomaji, Ijumaa moja baada ya swala ya alasiri alinijia kijana mmoja barazani, hapa Kariakoo, akakaa pembeni mpaka watu walipopungua. Kisha akasogea, akaniamkia kwa adabu, akasema maneno ambayo kila anayekaa na watu kuwasuluhisha ameyasikia mara nyingi: "Sheikh, nina tatizo. Tatizo langu ni mke."

Alikuwa ameyapanga maneno yake. Mkewe, mama wa watoto wao 3, anauza madera na nguo za watoto juu ya meza aliyokodi mbele ya duka la mtu. Zamani alikuwa akirudi nyumbani kabla ya magharibi, sasa anarudi baada ya isha. Simu ikilia hutoka nje kuipokea. Mtungi wa gesi ulitoweka, na alipouliza aliambiwa umeazimwa na jirani. Baada ya mwezi friji nayo ikafuata, eti imepelekwa kwa fundi. Akimdadisi, mke huwa mkali au hulia. "Mwanamke anayeficha simu na kuuza vyombo vya ndani, sheikh, unamwitaje?"

Nilimjibu kwamba simwiti chochote, kwa kuwa sijamsikia. Alichotaka kwangu ni kumwandikia karatasi ya talaka na kumpatia mashahidi wawili wa kuitia saini. Kwa fadhila za Allah alikuwa hajaitamka.

Naisimulia habari hii kwa idhini yao wote wawili, na nimebadili baadhi ya alama ili wasijulikane. Kabla sijaendelea nayo, na tulitazame hilo neno alilokuja nalo.

"Tatizo" limetokana na kutata na kutatiza, kama uzi unavyojizonga mpaka ncha isionekane. Mafundi cherehani wanaokaa vibarazani hapa Kariakoo wanalijua jambo hili kwa vidole vyao. Uzi ukishatata, anayevuta ncha ya kwanza aliyoiona hukaza fundo. Fundi mzoefu huulegeza kwanza, akaangalia umepita wapi, ndipo akautatua. Na wazee wetu walilitumia neno hilohilo la kutatua kwa maana ya kuchana nguo: nguo iliyochanika, walisema imetatuka. Lugha yetu imeyaweka mambo hayo mawili katika neno moja, nami barazani nimeyaona yote mawili yakitokea kwa siku moja. Mtu amekuja kutatua tatizo, ameondoka ameitatua nguo.

Wanazuoni wa fiqhi nao wana neno lao. Kila jambo linalotafutiwa hukumu huliita mas-ala, na asili yake ni kuuliza. Mwenye mas-ala, basi, ni mwenye swali. Yule kijana hakuwa na swali hata moja. Alikuwa na jibu mkononi na anatafuta saini.

Ukiniuliza tatizo ni nini, nitasema ni umbali uliopo kati ya hali tuliyonayo na hali tunayoitaka, pale ambapo njia ya kuuvuka haijulikani. Njia ikijulikana, hilo ni kazi tu. Kapu la nguo chafu halihitaji kikao cha ukoo. Na kama njia haipo kabisa, kama ilivyo kwa aliyefiwa, huo ni msiba, na dawa yake ni subira na dua. Wengi wetu tunavichanganya vitu hivi. Mume haachi matumizi nyumbani mwaka mzima, nasi tunamwambia mke asubiri, ni mtihani. Mtoto anashindwa kusoma ubaoni kwa sababu macho yake hayaoni vizuri, nasi tunatafuta nani kamfanyia husda. Tunasubiri penye kutenda.

Kisha lipo lile neno "tunayoitaka". Anayeitaka ni nani? Watu wawili katika nyumba moja wakitaka hali mbili tofauti, wana matatizo mawili, ingawa wanagombana kwa jina moja. Na mara nyingi, ndugu msomaji, kile ambacho mmoja anakiita tatizo ndiyo njia ambayo mwenzake aliivumbua ili kuliondoa tatizo lake, ambalo hakupata kulisema.

Mji wetu wenyewe unatupa mfano. Kwa miaka mingi tatizo la Kariakoo limetajwa kwa jina moja: machinga. Mwenye fremu, ambaye analipa pango na kodi ya serikali, anasema wameziba mlango wake. Mpita njia wa Mtaa wa Congo anasema hapati pa kuweka mguu. Viongozi wanasema njia za waenda kwa miguu zimekwisha. Yote hayo ni kweli. Tatizo lilipotajwa hivyo, ufumbuzi ulionekana ni kuwapa mahali pa kukaa, na pale Ilala karibu na Uwanja wa Karume likajengwa jengo la ghorofa kwa mkopo wa NSSF, likaitwa Machinga Complex. Lilikamilika mnamo mwaka 2010, likiwa na maelfu ya vizimba. Vizimba vingi, hasa vya ghorofa za juu, vilikaa vitupu kwa miaka, na waliokusudiwa wakabaki barabarani.

Wapo waliosema machinga ni wakaidi. Lakini anayeuza soksi hakukosa pa kukaa. Alikosa pa kukaa ambapo mteja anapita, kwa sababu pango la mahali hapo halimudu, achilia mbali kilemba. Biashara yake ni kumkuta mteja anaposhuka kwenye daladala, naye mteja huyo hapandi ghorofa ya tatu kutafuta soksi. Oktoba 2021 waliondolewa tena barabarani na kupangiwa maeneo mengine. Anayepita Kariakoo leo atajionea mwenyewe kama wameondoka. Kumwita machinga tatizo ni kusahau kwamba yeye ni ufumbuzi: ndivyo kijana asiye na ajira wala mtaji alivyolitatua la kwake. Sisemi haya ili kuhalalisha kuziba njia. Njia ina haki yake, na Mtume (rehema na amani zimshukie) aliwafundisha maswahaba zake haki hiyo. Nasema tu kwamba jengo lilijengwa kabla ya swali kuulizwa.

Turudi kwa kijana wetu. Nilimkumbusha agizo la Allah (S.W.) katika Surat An-Nisaa, aya ya 35, kwamba inapohofiwa mfarakano baina ya mume na mke, apelekwe mwamuzi kutoka kwa jamaa za mume na mwamuzi kutoka kwa jamaa za mke. Nimekuwa nikiitafakari hekima ya agizo hilo. Mwamuzi mmoja angetosha kutoa hukumu. Wawili wanahitajika kwa sababu kila upande una habari ambayo upande wa pili hauijui, na tatizo halijajulikana mpaka habari zote mbili ziwekwe mkekani. Kijana alinung'unika kidogo, akakubali. Kwa upande wake alikuja kaka yake mkubwa. Kwa upande wa mke alikuja mjomba wake, mtu mzima mwenye busara, naye akafuatana na shangazi wa yule binti. Tulipomwona shangazi, baadhi yetu tulishangaa. Baadaye tulimshukuru Allah kwamba alikuja.

Kikao cha kwanza kilikuwa kibaya. Kaka mtu alikuja na ufumbuzi wake: binti arudi kwao miezi 3, ajifunze. Mama mzazi wa mume alituma salamu kwamba ndoa hii imechezewa na mwanawe asomewe ruqya. Mjomba naye, kwa kuumia, alisema kama hamumtaki tutamchukua. Katika muda wa nusu saa tulikuwa na fumbuzi 3 na hakuna aliyejua tunafumbua nini. Mke alikaa kimya, ameinamisha kichwa.

Nikawaomba waache kwanza yote hayo, nikawauliza kila mmoja swali moja: hali hii imeanza tangu lini? Mume akafikiri, akasema tangu lile jengo lilipoanguka. Mke akainua kichwa kwa mara ya kwanza, akasema hivyohivyo.

Wasomaji wetu wa Dar es Salaam hawahitaji kukumbushwa. Asubuhi ya Jumamosi, Novemba 16, 2024, jengo la ghorofa liliporomoka hapa Kariakoo, watu zaidi ya 20 wakafariki na wengi wakajeruhiwa. Allah awarehemu waliotutangulia. Maduka ya jirani yalifungwa wakati wa uokoaji. Kijana wetu alikuwa muuzaji katika duka la mtu mitaa hiyohiyo, akilipwa kwa siku. Siku ambazo duka halikufunguliwa hakulipwa, na lilipofunguliwa mwenye duka alipunguza watu.

Hapo shangazi aliomba ruhusa, akatoka na mwanawe chumba cha pili. Walikaa huko kwa muda mrefu. Waliporudi, ni shangazi aliyezungumza, na yule binti alikuwa akilia.

Kumbe tangu mwezi ule mume alianza kuacha elfu 5 za matumizi pale alipokuwa akiacha elfu 10, na siku nyingine hakuacha kitu. Hakusema kwamba kazi imepungua. Aliona aibu. Alitoka asubuhi kama kawaida, akazunguka kutafuta vibarua, akarudi jioni amenuna ili asiulizwe. Mke alidhani kuna nyumba nyingine. Watoto wanahitaji kula, na ada ya madrasa na pesa ya daladala havingojei. Akachukua kwenye mtaji wa meza yake mpaka mzigo ukapungua. Wauzaji wenzake wakamwelekeza kwa watu wa mikopo ya haraka, ile ambayo mitaani tunaiita kausha damu. Akakopa kwa mmoja, marejesho ya kila siku yakamshinda, akakopa kwa wa pili ili kumlipa wa kwanza, kisha kwa wa tatu. Simu zile za nje zilikuwa za wakusanya marejesho. Mtungi wa gesi na friji vilichukuliwa na wadai. Kuchelewa kurudi kulikuwa ni kuuza mpaka usiku ili apate rejesho la siku.

Kaka mtu, ambaye alikuja na miezi 3 ya adabu, aliangalia chini.

Basi tatizo ni nini hapo? Mume alisema ni mke. Tungeishia juu kidogo tungesema ni mkopo, tukahutubia juu ya riba, tukaondoka tumeridhika. Na riba ni haramu, hilo halina mjadala katika ukurasa huu. Lakini mkopo ulikuwa ufumbuzi wa mke kwa matumizi yaliyopungua bila maelezo. Na ule ukimya nao ulikuwa ufumbuzi wa mume kwa aibu yake. Kila mmoja alitatua la kwake gizani, na kila utatuzi ukawa tatizo la mwenzake.

Katika Muwatta ya Imam Malik imo habari ya watumwa wa Hatib walioiba ngamia wa mtu wa kabila la Muzayna wakamchinja. Waliletwa mbele ya Khalifa Umar bin Al-Khattab (r.a.), naye akaamuru hukumu ya wizi itekelezwe. Kabla haijatekelezwa alimgeukia bwana wao, akamwambia kwamba anamwona anawashindisha na njaa. Akamuuliza mwenye ngamia bei yake. Yule mtu akasema alikuwa akikataa kumuuza kwa dirham 400. Umar akamwamuru bwana wa watumwa alipe 800. Imam Malik mwenyewe anaeleza kuwa watu wa Madina hawakuendelea na kuzidisha thamani namna hiyo, na mafakihi wana maneno yao. Mimi natazama kule kusita kwa Khalifa. Kesi ilikuwa wazi, wezi wamekamatwa, hukumu inajulikana, na bado aliuliza njaa imetoka wapi. Wizi haukuwa halali kwa sababu ya swali hilo. Lakini mzigo ulihamia kwa mtu ambaye mpaka wakati ule alikuwa amesimama kama shahidi tu.

Nafaka, ndugu zangu wanaume, ni juu ya mume, na mali ya mke ni yake. Yule kijana alilijua hilo, na ndiyo maana aliona aibu. Nilimwambia mbele ya wote kwamba kukosa si dhambi, na kwamba angemwambia mkewe siku ile ya kwanza kuwa "leo sikupata", wangelala na njaa siku moja wakiwa pamoja. Alijibu kwa sauti ndogo, "Nilidhani ataniona si mwanamume." Mkewe akasema, "Nami nilidhani umeoa." Shangazi alicheka kwa nguvu, na sote tukacheka naye, hata mjomba. Hapo ndipo tulipoanza kufanya kazi.

Nilikumbuka hadithi iliyopokewa katika Sunan za Abu Daud kutoka kwa Anas bin Malik (r.a.), ya Answari aliyekuja kuomba. Baadhi ya wanazuoni wameizungumzia sanadi yake, lakini mafunzo yake yanajulikana. Mtume (S.A.W.) hakuanza kwa kumpa wala kwa kumkemea. Alimuuliza nyumbani kwako kuna nini? Kulikuwa na nguo nzito ya kujifunika na kutandika, na bakuli la kunywea maji. Vikauzwa kwa dirham 2. Moja ikanunua chakula cha familia na moja shoka, na mpini akautia Mtume kwa mkono wake mtukufu. Baada ya siku 15 yule mtu alirudi na dirham 10.

Tukafuata njia hiyo. Tuliomba karatasi, tukaandika madeni yote matatu: nani, kilichokopwa, kilicholipwa, kilichobaki. Mume hakuwa amewahi kuiona karatasi hiyo, na mke hakuwa amewahi kuiandika. Alikuwa akiibeba kichwani, na kichwani ilikuwa kubwa kuliko ilivyokuwa kwenye karatasi. Kisha tukaandika kilichopo: meza ambayo pango lake limelipwa mpaka mwisho wa mwaka, mzigo kidogo wa madera, cherehani ya shangazi isiyotumika, na mwanamume mwenye nguvu aliyewahi kuuza duka kwa miaka 9 na kuwajua wauzaji wa jumla kwa majina. Mume alipoyaona hayo yameandikwa alishangaa. Kumbe alikuwa akizunguka mji mzima kutafuta kibarua, na meza ya mkewe inahitaji mtu wa kuchukua mzigo kwa bei nzuri.

Mjomba na kaka mtu walitoa qardh hasan, kila mmoja kwa uwezo wake, bila nyongeza, ikaandikwa na kushuhudiwa kama Surat Al-Baqara inavyoelekeza. Nawasihi wasomaji msidharau hilo la kuandika hata baina ya ndugu. Kwa fedha hiyo deni la kwanza lilimalizwa. Mkopeshaji wa pili alikubali apokee kiasi alichokopesha na kusamehe kilichozidi. Wa tatu alikataa. Alipoombwa nakala ya mkataba alisema hana, na alipoulizwa leseni alikata simu. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inamtaka mkopeshaji wa aina hii awe na leseni. Mama anayefikiria kukopa, na mume anayelazimika kulipa, wana haki ya kuiuliza kabla ya kidole kugusa wino. Afadhali zaidi waulize nyumbani kwanza, na kwenye ukoo, na msikitini.

Sitaki msomaji adhani nyumba hiyo sasa ni pepo. Friji haijarudi. Mama mzazi wa mume bado anaulizia ruqya, nasi tumemwambia mwanawe amsomee Qur'an, ni kheri, na kila jioni amwambie mkewe kilichopatikana na kilichokosekana. Wanafanya hivyo, ingawa kijana ananiambia hilo la pili ni gumu kuliko la kwanza. Mke amerudi kufunga meza kabla ya magharibi. Mume ndiye anayebaki mpaka isha.

Deni la tatu lipo. Jumatatu ijayo, inshaallah, tutakwenda kwa mkopeshaji yule sote wanne, mume, mke, mjomba na mimi, tukiwa na karatasi yetu.